Sambaza Mpaka Ifikie Familia

Kwetu mtu hapewi habari ya kifo akiwa na njaa. Hiyo si sheria ya kanisa, ni ya nyumbani, tulizaliwa tukaipata. Mama yangu alikuwa akisema mwili ukiwa mtupu, habari mbaya inateremka mpaka chini kabisa na haikuti kitu cha kuishika. Kwa hivyo ukiona wazee wa kokwet, hawa wakubwa wa kijiji, wanaingia kwako mchana na mmoja anauliza, "Mmekula?", anza kuogopa. Hawajakuja kwa chakula chako.

Nataka kuandika juu ya Jumatano moja. Watu wengi huku kwetu wameisimulia, na wengi wao hawakuwepo.

Mimi ndiye admini wa grupu ya wamama wa kanisa letu. Sikuchaguliwa kwa utakatifu. Nilisoma ngumbaru, nikaendelea na masomo ya jioni mpaka nikafanya mtihani wa kidato cha nne na watoto wangu wakinicheka, na wamama wakaona mtu aliyeng'ang'ana na aljebra baada ya kukamua ng'ombe anaweza kung'ang'ana na simu. Mwanzo grupu ilikuwa kama soko bila askari. Mmoja anatuma wimbo alfajiri watu wamelala, mwingine anatuma unabii umetoka sijui wapi kwamba usipoutuma kwa watu kumi utapata ajali. Siku moja tulitangaziwa matanga na mama mmoja mzee akaweka kile kikatuni kinacheka mpaka machozi. Yeye aliona machozi tu. Alidhani kinalia. Familia ya marehemu hawakumsalimia mpaka mahindi yakavunwa.

Halafu kuna aliyepigwa picha akiwa mgonjwa kitandani, amefunguka nguo, ikaingia kwa grupu na maneno "tumwombee". Tuliomba, ndiyo. Lakini alipopona hakurudi kukaa katikati yetu. Anakaa benchi ya nyuma, karibu na mlango.

Kwa hivyo tulikaa chini baada ya ibada tukakubaliana adabu ya grupu. Mimi niliandika, lakini maneno ni ya wote. Kubwa kuliko zote ilihusu kifo. Dada mmoja alikuwa amejua kwamba ndugu yake ameaga kupitia stetasi ya mtu, akiwa amesimama dukani ananunua sukari. Alianguka hapo hapo. Tukasema: mtu akifa, hakuna kuandika, hakuna picha, hakuna pole, mpaka wa karibu wake aambiwe kwa mdomo, nyumbani kwake, ameketi. Wote waliinua mikono. Wageni waliojiunga baadaye tuliwaambia juu juu tu, na sisi wenyewe tukazoea.

Jambo lingine tulilokubaliana ni kufunga. Jumatano ya kwanza ya mwezi wamama wanafunga kutoka alfajiri mpaka maombi ya jioni. Tunafunga tumbo na tunafunga data. Simu inabaki ya kupigiwa tu. Hiyo ya data alileta jirani yangu, kwa mzaha. Alisema, "Haina haja ukatae ugali halafu ushinde ukimeza udaku." Watu wakacheka, lakini mimi niliona ni neno la Mungu limepita kwa mdomo wa mcheshi. Nikaliandika.

Huyu jirani ndiye habari yote. Tuliolewa karibu wakati mmoja, mashamba yetu yanapakana, na kuchuma chai tunasaidiana kwa zamu: leo kwake, kesho kwangu. Yeye ni mtu wa kucheka, mimi si wa kucheka sana. Alikuwa ananiita polisi wa mbinguni. Bwana yake alikuwa mtu wa ng'ombe. Ananunua hapa, anauza pale, Chebunyo, Mulot, kila soko analijua kwa siku yake.

Jumatano hiyo bwana alitoka mapema na pikapu ya rafiki yake kwenda Mulot. Sisi tukaingia kwenye chai yake, plastiki kiunoni, vikapu mgongoni. Kulikuwa na ukungu ambao haukutaka kutoka. Kawaida unaondoka jua likipanda, lakini siku hiyo ulibaki umelala juu ya chai, na upande wa msitu mawingu meusi yalikuwa yanajikusanya, yale ya mvua ya mawe. Ndege walikuwa wamenyamaza.

"Sista," akaniita kutoka mstari wa pili. "Wewe husikii njaa?"

"Nasikia."

"Mbona uso yako inakaa ya mtu ameshiba?"

"Chuma chai."

"Ukifika mbinguni watakupatia rungu na kofia. Usimame kwa geti."

Tulichuma. Baadaye akatoa simu chini ya plastiki, ile ya kioo aliyonunuliwa na bwana, akapiga. Alikuwa ameweka sauti kubwa kwa sababu mikono ilikuwa na maji, na mimi pia nikasikia yule msichana wa simu akisema mteja hapatikani kwa sasa.

"Alisema atapiga akifika," akasema. "Huyo mzee akiona ndama anasahau kama alioa." Akairudisha mfukoni.

Haikupita muda yangu ikalia. Ni mke wa pasta. Huwa anaanza na salamu ndefu, anauliza mpaka ng'ombe. Siku hiyo hakuuliza.

"Uko na yeye?"

"Niko na yeye."

"Toka kando kidogo."

Nikatembea mpaka mwisho wa mstari, kwenye miti ya mpakani. Jirani aliniangalia akarudi kwa kazi yake.

"Umefungua grupu?" mke wa pasta akauliza.

"Leo ni Jumatano."

"Fungua. Toa ile picha. Halafu unipigie."

Nikawasha data. Simu ilitetemeka mkononi mpaka nikadhani imeharibika. Ujumbe juu ya ujumbe, siku ambayo grupu yetu inapaswa kuwa kimya.

Picha ilikuwa ya barabara ya kwenda Narok. Pikapu imelala ubavu, watu wamesimama wameshika viuno, na kwa nyasi kuna mtu amelala, uso umegeuka upande ule mwingine. Alikuwa na koti la kijivu lenye kiraka cha kahawia kwa kiwiko. Kile kiraka nilikijua. Mke wake alikishona kwa cherehani yangu, na tulibishana juu ya rangi.

Chini ya picha iliandikwa: Nani anamjua huyu mzee? Ajali, karibu na Mulot. Sambaza mpaka ifikie familia.

Aliyeituma ni dada mdogo anayeuza mitumba kwenye masoko ya barabara kuu. Alikuwa amejiunga nasi juzi juzi. Hakujua mwenye koti ni bwana ya mmoja wetu. Chini yake watu wakaanza kuweka mikono ya maombi. Mungu tuhurumie. Jameni barabara hii. Halafu mmoja akauliza, si huyu ni baba wa fulani, akataja jina la binti yao wa kwanza. Halafu mwingine, mtu mzima, mama wa watoto na wajukuu, akabonyeza jina la jirani yangu likatokea na rangi ya buluu, akaandika: Pole sana sista wetu, Mungu akutie nguvu.

Niliinua macho. Sista wetu alikuwa mbele yangu, ameinama kwa chai, anachagua majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Simu ilikuwa mfukoni mwake. Ile pole ilikuwa tayari hewani, imekuja mpaka kwake, inangoja tu aguse mahali pamoja kwa kidole.

Nikaanza kufuta. Admini anaweza kufuta ya kila mtu. Nilifuta picha, nikafuta mikono ya maombi, nikafuta mwenye kuuliza na mwenye kujibu, na kila nikifuta kunabaki maandishi kwamba admini amefuta. Nikafunga grupu mtu yeyote asiandike. Bado haikutosha, kwa sababu wengine walikuwa wamepeleka picha mbele. Nikafanya jambo ambalo kwa adabu zetu ni kama kumfukuza mtu kwa nyumba: nikamtoa jirani yangu kwa grupu. Watu walinisema kwa hilo. Sikujali, na sijali leo.

Nikampigia mke wa pasta.

"Shemeji yake mkubwa ameenda hospitali walipopelekwa," akaniambia. "Pasta yuko naye. Lazima aone kwa macho. Tukisema na si yeye, itakuwaje? Na kama ni yeye watakuja moja kwa moja nyumbani. Asisikie kwa njia. Usimwache."

"Simwachi."

"Na ale kitu."

"Tumefunga."

"Najua tumefunga," akasema. Nikasikia anapumua. "Pasta amesema ni sawa. Wewe utaona vile utafanya."

Simu ikakatika nikabaki hapo kwa miti. Nitawaambia kile kilinitia hofu. Kilichomlinda huyu mama kilikuwa ni ule mfungo. Kwa sababu amefunga, hatawasha data mpaka maombi ya jioni. Nikimfungulisha, nimefungua mlango wa chakula na mlango wa simu pamoja. Nisipomfungulisha, shemeji atakuta mtu ambaye hajaweka kitu tumboni tangu jana yake. Halafu kulikuwa na hili: mimi si mtu wa kufungulisha watu. Kila mmoja anajua hivyo. Mfungo mmoja nilimnyima hata yeye maji ya kumezea dawa ya kichwa.

Niliomba hapo hapo macho wazi. Sikuomba awe mzima. Nilikuwa nimeona shingo ilivyolala. Niliomba tu habari imkute kama mtu.

Nikarudi kwenye mstari.

"Nani alikuwa anakupigia?" akauliza.

"Mke wa pasta."

"Siku ya kufunga ako na udaku gani?"

"Anaulizia mambo ya watu."

Hiyo ilikuwa kweli. Tukachuma mpaka vikapu vikajaa. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa anaimba kwa pua, pole pole, na kila akitikisika nilisikia kama ile simu inatikisika naye.

Lori ya kiwanda haingoji. Chai ikishachumwa lazima ifike kituo cha kununulia majani kabla haijaanza kuchoka, na ningemwambia tusiende angeuliza kwa nini. Kwa hivyo tulienda. Njia nzima nilitembea mbele yake ili mtu akikuja anikute mimi kwanza.

Kituo kilikuwa kimejaa. Siku nyingine pale ni kelele, watu wanasukumana kwa laini ya mizani, mmoja anamwambia mwenzake majani yake ni ya kulisha mbuzi. Tulipotokea, kelele ikashuka. Kulikuwa na mama mmoja ambaye yeye na jirani yangu wamegombana juu ya laini hiyo miaka na miaka. Huyo mama akavuta kapu lake kando, akasema, "Pita mbele."

Jirani yangu akasimama. "Mimi?"

"Pita tu."

"Leo nimekuwa mheshimiwa?" akasema, akitafuta mtu wa kucheka naye. "Ama mnataka kura?"

Hakuna aliyecheka. Karani wa mizani alichukua kapu lake kwa mikono miwili, yeye ambaye hurusha ya kila mtu, akaliweka kama limebeba mayai. Hakumwangalia. Na mzee mmoja wa upande wa mto, mtu mzuri sana, anakuja moja kwa moja mkono umenyooka mbele, mdomo umeshafunguka.

"Pole, mama, pole sa..."

Nikaingia katikati nikaushika ule mkono mimi. "Pole ya kubeba, mzee. Vikapu ni zito leo." Nikaukaza. Aliniangalia, akaelewa, akameza kile alikuwa nacho.

"Zito," akasema. "Kweli ni zito."

Tukaondoka. Ukungu ulikuwa umeshuka barabarani, na tulipotoka kwa watu akauliza, "Watu wako na nini leo?"

"Twende nyumbani."

"Nakuuliza."

"Na mimi nakuambia twende nyumbani, sista. Kwako."

Hapo aliacha mzaha. Alitembea kando yangu, na mkono mmoja aliuweka juu ya mfuko wa sweta, si kutoa simu, kuugusa tu. Tukafika kwa geti lake na simu yangu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa kawaida, wa maneno matatu. Ni yeye. Wanakuja.

Sikungoja kukaribishwa. Niliingia jikoni kwake, nikavua plastiki, nikawasha moto. Jiko lake nalijua kama langu. Nikaweka maji ya ugali, nikapasha sukuma ya jana, nikashusha ukutani kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, nikakitikisa. Yeye alisimama mlangoni na kapu tupu bado liko mgongoni.

"Unafanya nini?"

"Napika."

"Saa hii jua iko wapi?"

"Bado."

"Na maombi?"

"Tutaomba."

Akatoa kapu pole pole, kamba moja, kisha ya pili. "Wewe," akasema. "Wewe ulinikataza kumeza dawa."

"Nilikukataza."

"Kichwa ikipasuka. Ukaniambia nimpe Mungu hiyo kichwa."

"Nilisema hivyo."

"Na leo unanipikia ugali."

Maji yalikuwa yanachemka. Nilimwaga unga, nikashika mwiko. Kugeuza ugali kunasaidia, macho yana mahali pa kukaa. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, kwamba mwili umechoka, kwamba Mungu anaangalia moyo, lakini nilipofungua mdomo niliona kila moja lina uongo kwa tumbo lake, na huyu hakustahili kudanganywa jikoni kwake.

Aliketi kwenye kiti kidogo, kile cha kukamulia.

"Ni nani?" akauliza.

"Kula kwanza."

"Ni mtoto?"

Mama hawezi kumwacha mama mwenzake na swali hilo. "Watoto wako shule. Wako salama wote."

Na nilipotamka hivyo, niliona uso wake ukifanya hesabu. Wamebaki wangapi? Alibaki mmoja.

Hakupiga kelele. Aliingiza mkono mfukoni akatoa simu, akaishika kwa mikono miwili juu ya magoti. Kioo kilikuwa cheusi. Nje, kwa mabati, mawe ya kwanza ya mvua yalianza kuanguka, moja hapa, moja pale.

"Naweza kuwasha data," akasema.

"Unaweza."

"Iko huko?"

"Iko."

"Ni maneno ama ni picha?"

"Ni picha."

"Uliiona."

"Niliiona."

Alikaa hivyo. Kidole chake kilikuwa juu ya kile kioo na mimi sikusogea. Kama angewasha, nisingemnyang'anya. Mtu mzima hanyang'anywi. Nilikuwa nimefanya kila kitu kuizuia isimfikie, na sasa yeye mwenyewe ndiye alikuwa mlango.

Akanyoosha mkono. "Shika. Sitaki kumkuta huko."

Nikaichukua, nikaizima kabisa, nikaifunga kwa pembe ya lesso yangu. Akanawa mikono. Nikaweka ugali mbele yake, na sukuma, na kikombe cha mursik.

"Usiseme kitu mpaka nimalize," akasema.

Alikula. Sijawahi kuona mtu akila vile na naomba nisione tena. Hakula kama mwenye njaa, alikula kama mtu anafanya kazi aliyotumwa. Anakata tonge, anafinya, anachovya, anaweka mdomoni, anatafuna mpaka mwisho. Nilielewa, kwa sababu wakati bado anakula, hakuna aliyemwambia kitu. Bado alikuwa mke wa mtu. Mvua ikawa ya kweli, mawe yakapiga mabati mpaka hatungesikiana hata tungetaka. Ilipopungua tukasikia gari la pasta linapanda kwa matope, linateleza, linapanda tena.

Akachukua kikombe akanywa mursik yote, akapangusa mdomo. Akapiga tonge la mwisho.

Waliingia watu watatu. Shemeji mbele, pasta nyuma yake, na mzee mmoja wa kokwet. Shemeji alikuwa na maji mabegani. Akavua kofia.

"Chamgei," akasalimu.

"Chamgei mising," akajibu jirani yangu, akainuka, akawatafutia viti. Akawapangusia hata viti. Wakaketi, na yeye akaketi.

"Mmekula?" shemeji akauliza, na sauti yake ikavunjika hapo katikati.

"Tumekula."

Basi akamwambia. Alisema kwa lugha yetu ya nyumbani, pole pole, akimwita vile bwana yake alikuwa akimwita, na hayo maneno sitayaandika. Ni yake huyo mama. Aliyapata ameketi, kwa mdomo wa mtu anayempenda, na pale nje majirani walikuwa wameanza kuingia uani, na hakuna aliyeshika simu.

Ningeweza kusimama hapa. Lakini jambo lenyewe halikusimama.

Baada ya mazishi aliniambia niwashe ile simu yake nisafishe. Nilikaa nayo nyumbani kwangu, mlango nimefunga. Picha ilikuwa imeingia kila upande. Binamu alikuwa ametuma. Nambari isiyo na jina ilikuwa imetuma. Watu wa kwao walikuwa wametuma, kila mmoja na yale yale, sambaza mpaka ifikie familia, na ilikuwa imefikia familia mara nyingi kuliko mtu angeweza kuvumilia. Nilifuta nikiangalia dirisha. Hakutaka tena simu ya kioo. Mpaka leo anatumia mulika mwizi, ya kubonyeza na tochi.

Yule dada wa mitumba sikumsema kwa grupu. Nilimfuata sokoni, nikamkuta amepanga nguo zake kwa turubai. Aliponiona akasimama.

"Mimi nilitaka kusaidia," akasema kabla sijafika.

"Najua."

"Dereva alikuwa amekimbizwa hospitali, na yeye alikuwa amelala pale pekee yake, mama. Hakuna anamjua. Sasa mtu afanye nini? Amwache tu?"

Lilikuwa swali la haki na nililiheshimu. "Ungempigia pasta, ama chifu. Hao wangejua pa kuuliza," nikasema. "Na kabla ya hapo ungemfunika."

Aliangalia chini, kwa yale masweta, zile shuka, yale mapazia.

"Nilikuwa na bale yote ya nguo siku hiyo," akasema. "Iko hapo tu, nimeikalia."

Sikumtoa kwa grupu. Anakuja ibada. Hapigi picha ya kitu chochote sasa, hata ya keki ya harusi.

Mvua mbili zilizopita picha ile ilinirudia. Ilikuja kwa grupu ya wazazi wa shule, watu wa mbali hata hawatujui. Pikapu ile ile, nyasi ile ile, koti. Lakini mtu alikuwa ameibadilisha maneno. Sasa ilikuwa inasema ajali ya asubuhi ya leo, upande wa Kipkelion. Mtu aliyezikwa, tukamwimbia, tukapanda maua juu yake, alikuwa amekufa tena mahali hajawahi kwenda, na watu walikuwa wanatafuta familia yake. Nikaandika kwamba hii ni ya zamani, familia inajua, tafadhali futeni. Mmoja akaandika asante. Wengine walikuwa wameshaituma mbele.

Nilivaa gumbuti nikaenda kwa jirani. Yeye alikuwa anaosha mitungi ya maziwa. Binti wao wa kwanza alikuwa amemaliza kidato cha nne na shangazi yake wa mjini alikuwa amemtumia simu ya kioo wiki hiyo. Mama yake alifurahi na hakufurahi.

"Wewe ndiye umesoma," akaniambia nilipomweleza. "Hiyo kitu haiwezi kuzimwa mahali inatoka?"

"Haitoki mahali pamoja. Iko kwa simu za watu."

"Hata wakifa?"

"Hata wakifa."

Akaweka mtungi chini. "Huyu mtoto sikuwahi kumwambia kuna picha. Nilimwambia tu baba aliaga barabarani." Akapangusa mikono. "Twende nimwambie mimi. Sasa hivi, kabla hajaizoea hiyo simu. Na wewe ukae hapo."

Tukazunguka nyumba. Msichana alikuwa nyuma, ameketi kwenye benchi karibu na tangi la maji, mgongo umenyooka. Hakuwa anabonyeza kitu. Alipotuona aliigeuza simu ikalala kifudifudi kwenye goti, halafu akainuka kutupisha, kama alivyofundishwa. Mama yake alikuwa ameshafungua mdomo.

"Nimeiona," msichana akasema. "Kaeni chini kwanza."